Kutoka "mwanga wa glopu ya mia" mpaka luksi: mwongozo kamili wa kugeuza vipimo vya mtaani

Mwaka juzi nilimfungia mama mmoja fundi cherehani tyubu ya LED ya futi nne, wati 18, mpya kabisa, boksi limeandikwa lumeni 1,800. Nikang'oa glopu yake ya zamani ya wati 100 iliyokuwa inaning'inia na waya juu ya cherehani, nikapokea hela yangu nikasepa. Siku ya tatu simu inaita. "Mwanangu, taa yako inawaka vizuri, ila uzi siuoni." Nikamwambia shikamoo mama, hiyo ina mwanga mwingi kuliko ile ya kwanza, hata kwenye boksi wameandika. Akanijibu, "Marahaba. Boksi halishoni nguo."

Nilibisha kidogo moyoni, alafu nikaenda kupima, na mama alikuwa sahihi, tena kwa mbali. Toka siku hiyo mteja akiniambia "nataka mwanga kama wa glopu ya mia" au "mwanga wa kusoma gazeti" sikimbilii dukani, nakaa kwanza nageuza maneno yake kuwa namba. Sa hapa naandika jinsi ninavyofanya, kwa wale mafundi wenzangu na hata kwa anayejifungia taa mwenyewe nyumbani.

Kwanza jua mtu anaongelea kitu gani

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Neno letu ni moja tu, mwanga, lakini vitu ni vitatu. Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Maji yote yanayotoka kwenye mpira kwa dakika, hayo ni lumeni, yani mwanga wote unaotoka kwenye taa ukijumlisha pande zote. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole maji yanaruka mbali upande mmoja ingawa hayajaongezeka hata tone, hiyo nguvu ya upande mmoja ni kandela. Alafu kuna yale maji yanayoloanisha tuta lenyewe, hiyo ni luksi: lumeni moja ikitua kwenye mita moja ya mraba ni luksi moja.

Jicho la mama yangu wa cherehani halijali lumeni. Linajali luksi pale sindano inaposhuka. Na boksi la taa haliwezi kukuandikia luksi kwa sababu halijui utaifunga wapi. Wati ndo usiulize kabisa, wati ni umeme inaokula, siyo mwanga inaotoa.

Kwahiyo mtu akikupa kipimo cha mtaani, kabla ya hesabu yoyote muulize maswali mawili: taa gani, na ilikuwa mbali kiasi gani na kitu ulichokuwa unaangalia? La pili ndo la muhimu na ndo huwa wanalisahau. Mama alipokuwa anasifia "glopu ya mia" hakuwa anasifia glopu, alikuwa anasifia glopu iliyo sentimita 60 kutoka kwenye kitambaa.

Hatua ya 1: geuza jina la taa kuwa lumeni

Hizi namba zishike kichwani, siyo za maabara lakini zinatosha kwa kazi.

Mshumaa wa kawaida unatoa kama kandela 1, na ukimwaga kandela 1 pande zote unapata lumeni 12.57 (hiyo 12.57 ni 4 mara pai, utaitumia sana). Kibatari au koroboi, ile ya kopo na utambi, hesabu sawa na mshumaa hivi, na ikifuka moshi inashuka. Chemli yenye chimni safi ni kama lumeni 40 mpaka 50, yani mishumaa mitatu minne. Karabai ndo ina maneno mengi, boksi linaweza kukwambia mishumaa 500, ambayo ukizidisha unapata lumeni 6,000 na ushee, lakini mwanga halisi uko chini sana ya hapo, mi naihesabia lumeni elfu moja na kitu basi.

Glopu za zamani za waya kwa umeme wetu wa volti 230: ya 40 ni kama lumeni 400, ya 60 ni kama 700, ya 100 ni kama 1,300. Zile za LED zinazoandikwa "sawa na wati 60" huwa zina 800 hivi. Ukikutana na LED haina maandishi yoyote zaidi ya wati, zidisha wati kwa 80 kama ni ya bei chee na kwa 100 kama ni ya kampuni inayoeleweka.

Hapohapo niwape dawa ya kugundua boksi linalodanganya. Kuna kikomo cha asili: wati moja ya mwanga, hata kama yote ingekuwa ya rangi ile ya kijani ambayo jicho linaiona vizuri kuliko zote, haiwezi kuzidi lumeni 683. Hiyo namba iko ndani ya maana rasmi ya kandela toka 1979. Sasa ukiona tochi ya wati 5 imeandikwa lumeni 10,000, gawa, unapata 2,000 kwa wati, rudisha kwenye kabati. Na kiukweli hata 200 kwa wati kwenye taa ya dukani mtaani kwetu mi naanza kuuliza maswali.

Hatua ya 2: lumeni kwenda kandela

Glopu ya waya inayomwaga mwanga pande zote: gawa lumeni kwa 12.57. Glopu ya 100 ni 1,300 gawa 12.57, sawa na kandela 103. Ya 60 ni kandela 56.

Glopu ya LED tupu inayoangalia chini haimwagi sana kwenda nyuma kwenye holda, kwahiyo kwa upande wa mbele gawa kwa 8. Hiyo 8 ni ya kwangu ya kazini, siyo ya kitabu. Taa yenye kofia nyeupe ndani inayosukuma mwanga wote chini, gawa kwa 4. Tyubu usiifanyie hii hesabu ukiwa karibu nayo, nitasema kwanini.

Hatua ya 3: kandela kwenda luksi

Luksi = kandela gawa umbali mara umbali, kwa mita. Basi. Mshumaa kwa mita 1 unakupa luksi 1. Mshumaa huohuo ukiusogeza mpaka sentimita 30 kutoka kwenye daftari: 1 gawa 0.09, luksi 11. Hapo ndo utaelewa watoto wanaosomea koroboi wanavyoinamia daftari mpaka nywele zinanuka moshi, wanajua hesabu hii bila kuambiwa.

Sasa turudi kwa mama. Glopu yake, kandela 103, umbali 0.6, 0.6 mara 0.6 ni 0.36, jibu luksi 286 kwenye sindano. Weka kando hiyo 286.

Mambo mawili ya kuangalia. Mwanga ukija kwa kulala badala ya kutua wima, unapungua, ukiinama nyuzi 60 kutoka wima unapata nusu. Na hii hesabu ya umbali inataka taa ionekane kama nukta, umbali uwe angalau mara tano ya ukubwa wa taa. Tyubu ya futi nne ina mita 1.2, kwahiyo mpaka uwe mita 6 ndo ifuate sheria, na chumba gani cha mtaani kina mita 6 kwenda juu?

Hatua ya 4: chumba kizima

Kwa tyubu na taa za silingi tunapima wastani wa chumba. Chukua lumeni zote, zidisha kwa 0.5 kama kuta na silingi ni nyeupe, au 0.3 kama ni tofali lisilopigwa rangi au mbao, alafu zidisha kwa 0.8 kwa ajili ya vumbi na uchovu wa taa, gawa kwa mita za mraba.

Kibanda cha mama ni mita 3 kwa 3, kuta nyeupe. 1,800 mara 0.5 mara 0.8 ni 720, gawa 9, luksi 80. Na tyubu nilikuwa nimeifunga ukutani nyuma ya mgongo wake kwahiyo kivuli cha kichwa chake mwenyewe kinatua kwenye kitambaa, nilipopima pale kwenye sindano nikakuta 70.

Yani nilimtoa kwenye 286 nikampeleka 70, na taa niliyomuuzia ina lumeni nyingi kuliko ya zamani. Boksi halishoni nguo.

Kama hujui taa ni ya lumeni ngapi: karatasi ya maandazi

Hii naipenda kuliko zote na haihitaji kifaa. Ni njia ya yule mkemia Mjerumani Robert Bunsen, karne ya 19, watu walipimia taa za gesi hivihivi.

Chukua karatasi nyeupe, dondoshea tone la mafuta ya kula katikati (au tumia iliyofungia maandazi, doa liko tayari), futa yaliyozidi, liache doa lililokolea. Ukiishika mbele ya taa doa linaonekana jeupe kwa sababu mwanga unapita, ukiwa upande wa taa doa linaonekana jeusi kwa sababu mwanga haurudi. Sasa ikiwekwa katikati ya taa mbili, kuna sehemu moja tu ambapo mwanga wa huku na wa kule ni sawa na doa linapotea. Linapotea kweli, mara ya kwanza niliona kama mazingaombwe.

Subiri usiku, funga mapazia, zima kila kitu pamoja na ile taa ya friji na simu. Simamisha karatasi kwenye meza kwa kibanio cha nguo au katikati ya vitabu viwili. Washa mshumaa, uache dakika kumi utulie, kata utambi ukiwa mrefu, uweke sentimita 30 kamili kutoka kwenye karatasi, moto wake uwe usawa mmoja na doa. Taa usiyoijua weka upande wa pili, anza kuisogeza nyuma taratibu huku mwenzio anaangalia doa kwa pembeni, akisema limepotea, simama, vuta tepu. Rudia mara tatu chukua wastani.

Tuseme umepata sentimita 220. Gawa 220 kwa 30 ni 7.33, zidisha yenyewe kwa yenyewe ni 54. Taa yako ina kandela 54 upande ule, na kama ni glopu ya waya zidisha 12.57 unapata lumeni 680, yani ni ile ya 60.

Tatizo lake ni rangi. Mshumaa ni wa njano, LED nyingi ni nyeupe ya kibuluu, kwahiyo doa halipotei lote, linabaki na rangi. Finya macho, tafuta pale tofauti inapokuwa ndogo kuliko zote. Au badala ya mshumaa tumia glopu ya LED ya rangi ileile ambayo lumeni zake unaziamini, hapo unapata jibu zuri zaidi.

Na mshumaa wenyewe je, nani kasema ni kandela 1? Zamani Waingereza waliandika kwenye sheria ya gesi ya London ya 1860: mshumaa wa mafuta ya nyangumi, sita kwa ratili moja, unaoteketea grani 120 kwa saa, ambayo ni kama gramu 7.8. Wajerumani wakawa na taa yao ya Hefner, Wafaransa na ya kwao ya Carcel, kila mtu na mshumaa wake, fikiria kufanya biashara hapo. 1909 Marekani, Uingereza na Ufaransa wakakubaliana mshumaa mmoja, na 1948 dunia ikahamia kandela, ambayo walihakikisha haipishani sana na mshumaa ule. Mshumaa wa dukani wa sasa siyo wa nyangumi ila ukiuweka kwenye mzani wa jikoni saa nzima na ukapungua gramu 7 au 8, uko jirani kabisa. Ukipungua 4 huo ni mdogo, usiupe kandela nzima.

Kupima kwa simu

Simu nyingi za Android zina sensa ya mwanga juu karibu na spika ya kusikilizia, ndo ile inayopunguza mwanga wa kioo ukiingia gizani. Pakua programu yoyote ya kupima luksi, toa kava, laza simu pale kazi inapofanyika kioo kikiangalia juu, na wewe usiiinamie maana kichwa chako ni kivuli. iPhone hairuhusu programu kusoma sensa hiyo moja kwa moja, kwahiyo zinakadiria kwa kamera.

Usiiamini kabla ya kuijaribu. Ya kwangu nililinganisha na kipimo halisi cha jamaa mmoja, kipimo kinasema 480 simu inasema 640. Siyo mbaya, nikajua tu kila ikisoma nazidisha 0.75. Kama huna wa kukuazima, glopu ya LED ya lumeni 806 ikiangalia chini, kandela 100 hivi, iweke mita 1 kutoka kwenye simu kwenye chumba cheusi, inatakiwa isome karibu na 100.

Wapiga picha mna njia yenu. Jaza kioo chote cha kamera kwa karatasi nyeupe, acha kamera ichague yenyewe, alafu: 50 mara f mara f (f ni namba ya tundu la lenzi), gawa kwa (sekunde ambazo lenzi imefunguka mara ISO). Kwa f/4, 1/60, ISO 100: 50 mara 16 ni 800, gawa 1.67, luksi 480. Chumba cha ofisi yenye taa nzuri.

Maneno ya mtaani na luksi zake

"Mbalamwezi ya kumi na nne": luksi 0.1 mpaka 0.3, ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wavuvi wa dagaa Kigoma na Ziwa Victoria wanalijua hili, wanaenda na taa zao usiku wa giza na mwezi ukiwa mpevu wengi wanapumzika. Pigia hesabu: taa ya kandela 100, ukienda mita 20 ni 100 gawa 400, luksi 0.25, sawa na mwezi wenyewe. Zaidi ya hapo taa yako haina jipya la kumwonyesha dagaa.

"Tochi inayofika mita 200": hapa watu wanadhani ni tochi ya lumeni nyingi, hapana, ni kandela. Viwanda vinavyofuata kiwango kinachoitwa FL1 wanahesabu tochi imefika pale mwanga unaposhuka mpaka luksi 0.25. Kwahiyo kandela = 0.25 mara 200 mara 200, ni 10,000. Na "spoti ya mishumaa milioni" ni kandela milioni moja kwenye kitovu cha mwale, inaweza kuwa na lumeni chache tu zilizobanwa kama kidole kwenye mpira wa maji.

"Jua ndo limezama": luksi 400 hivi, na huku kwetu karibu na ikweta dakika ishirini na kitu baadaye zimebaki 3 au 4, ndo maana giza letu linakuja ghafla. "Mawingu mazito": 1,000 na kuendelea. "Kivulini mchana": 10,000 mpaka 20,000. "Jua la saa sita": 100,000.

"Mwanga wa kusoma gazeti" wanaopenda kuusema ni wafugaji wa kuku, kwamba ukichuchumaa kwenye usawa wa kuku uweze kusoma gazeti. Hiyo ni luksi 10 mpaka 20, na kwa kuku wa mayai ndo hasa inayotakiwa. Lakini binadamu mwenye ofisi akikwambia "wa kusoma" mpe luksi 500, maana ndo kiwango cha Ulaya cha kazi za kusoma na kuandika mezani. Korido 100. Kushona nguo 750. Neno moja, namba mara hamsini, angalia nani anaongea.

Ukikutana na kitabu cha Kimarekani utaona fc, mshumaa kwa futi, zidisha 10.76. Ukiwa juu ya ngazi zidisha 10, inatosha.

Na akisema "niongezee mara mbili"? Kaa chonjo. Jicho halihesabu kama kipimo. Ukimpa luksi mara mbili ataona umeongeza kidogo tu, ili aone kweli ni mara mbili unahitaji karibu mara nane. Mwoneshe kwanza kwa taa mbili kabla hujampa bei.

Nilivyomaliza kwa mama

Lengo 750. Kwa tyubu peke yake: 750 mara 9 gawa 0.4 (ile 0.5 mara 0.8), ni lumeni karibu 17,000, yani tyubu tisa na ushee kwenye kibanda cha mita 3. Angenifukuza. Nikachukua glopu ya LED ya wati 5, lumeni 450, nikaivalisha kofia nyeupe, nikaishusha mpaka sentimita 40 juu ya sindano, kwa kushoto kidogo ili mkono wake wa kulia usitie kivuli. 450 gawa 4 ni kandela 112, gawa 0.16 ni 700, jumlisha 70 za tyubu, 770. Simu baada ya kurekebisha ikasoma 710. Akatunga uzi mweusi kwenye sindano bila miwani, hakusema kitu, akaendelea kushona.

Miezi sita baadaye nilipita kuchukua suruali nikapima tena, 540. Nikadhani glopu imechoka. Kumbe kofia imejaa vumbi la pamba, tukaifuta na kitambaa kibichi, ikarudi 700.